Tarumbeta la Batalioni ya Mihogo

Mzee Amon wa Visiga alikwenda kuwekewa meno ya bandia kwa sababu moja tu: alitaka kupuliza tarumbeta. Nyama alikuwa akiikata vipande vidogo na kuimaliza bila taabu, mahindi ya kuchoma alishayasamehe, na kuhusu sura, mkewe Flora alikuwa amemwambia kwamba pengo lile la mbele linampendeza. Lakini mwenye pengo hapulizi tarumbeta. Mdomo unahitaji ukuta nyuma yake, na ukuta wa Amon ulibomoka siku alipoteleza bafuni.

"Mzee, unataka meno ya kutafunia au ya kutabasamia?" daktari wa meno, msichana wa umri wa mwanawe, alimuuliza.

"Ya vitani, mwanangu," Amon akamjibu. "Nitengenezee ya vitani."

Daktari akacheka, akadhani mzee anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Amon alizaliwa Kibuta, huko Kisarawe, kwa baba mkulima wa mihogo na mikorosho. Familia yao ilikuwa ya Walutheri, na usharika wao, pamoja na udogo wake, ulikuwa na bendi ya matarumbeta ambayo ilisikika mpaka kijiji cha pili. Alfajiri ya Pasaka wapigaji walizunguka nyumba hadi nyumba wakiwaamsha watu, na hata majirani Waislamu walitoka nje kuwasikiliza, wengine wakiwa wamejifunga shuka tu. Amon alianza kupuliza kabla sauti yake haijavunjika. Rafiki yake Hilario, kijana mnene mwenye mapafu kama mvukuto wa mhunzi, alipewa lile tarumbeta kubwa la besi, akaliweka begani kama mtu aliyebeba mtoto.

Kulikuwa na mwenzao wa tatu, Salehe, mtoto wa muadhini. Huyo hakuwa na habari na matarumbeta. Yeye alikuwa mtu wa ngoma, na ngoma yenyewe ilikuwa mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo isiyochezwa mahali pamoja bali hutembea njiani, wapigaji mbele na umati nyuma, kila nyumba inayopitwa ikitoa watu wake. Salehe akipiga mdundiko, hata mgonjwa alitikisa kidole cha mguu.

Siku moja Amon na Salehe walijificha nyuma ya mikorosho kufanya jaribio. Salehe alipiga, Amon akaitafuta sauti ya mdundiko kwenye tarumbeta la kanisa. Aliipata. Aliipata vizuri mno hata wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo na kuja wakicheza. Nyuma yao alikuja mzee wa kanisa, naye hakuwa akicheza.

"Amon! Chombo hiki kimewekwa wakfu!"

"Nisamehe, baba."

"Lete hapa. Utakishika tena siku utakapojua tofauti ya ibada na ngoma."

Alinyang'anywa tarumbeta kwa msimu mzima wa kilimo. Wakati wote huo aliupiga mdundiko kwa midomo mitupu akipalilia, na mama yake akawa anamtupia mabonge ya udongo ili anyamaze.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Kagera. Watu wa Kibuta walisikia habari hiyo kwenye redio ya ofisi ya tawi la chama, wamesongamana hadi dirishani. Rais alipomaliza kuhutubia, hakuna aliyeondoka. Katibu wa tawi akasema kwamba wanatakiwa vijana wa mgambo, wa kujitolea, na kwamba hakuna atakayelazimishwa. Kagera ilikuwa mbali sana na Kisarawe. Wengi wa waliokuwa pale hawakuwa wamewahi kufika hata Morogoro.

Hilario ndiye aliyetangulia kupiga hatua mbele. Amon alimfuata bila kufikiri, na alipogeuka kuangalia kama yuko peke yake, Salehe alikuwa ameshasimama kando yake.

"Wewe, nani atampigia ngoma bibi harusi wa mwezi ujao?" Amon alimnong'oneza.

"Atasubiri," Salehe akasema. "Amin hasubiri."

Asubuhi ya kuondoka lori lilisimama mbele ya kanisa. Akina mama walileta walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho kilikuwa makopa, mihogo mikavu iliyojazwa kwenye magunia. Yule mzee wa kanisa alikuja na tarumbeta limefungwa kwenye kitambaa cheupe, akamkabidhi Amon.

"Nenda nalo," alisema. "Utawatia wenzako moyo kwa nyimbo za Bwana."

"Nitafanya hivyo, baba."

"Za Bwana, Amon."

"Nimesikia, baba."

Kambi ya mafunzo ilikuwa upande wa Ruvu. Walikutanishwa vijana wa kutoka Kisarawe, Kibaha, Rufiji na Bagamoyo: wakulima, wachoma mkaa, wapasua mbao, mwalimu mmoja mmoja. Wakafundishwa kwata, shabaha, kuchimba mahandaki na kutambaa chini ya waya wa miba. Askari wa kudumu waliowafundisha waliyaona yale magunia ya makopa na kuangua vicheko.

"Hii siyo batalioni," sajenti mmoja alisema. "Haya ni mashamba ya mihogo yaliyovaa buti."

Jina likawaganda. Karatasi za serikali ziliwapa namba, lakini kuanzia siku hiyo kila mtu aliwaita Batalioni ya Mihogo. Mwanzoni liliwauma. Kamanda wao, Meja Jabiri, mtu wa Pangani, mfupi, asiyependa kupaza sauti, ndiye aliyewageuza. Aliwapanga mstari mmoja, akachukua kopa guniani, akaliuma kwa nguvu, likakataa kukatika.

"Mmeona?" aliwauliza. "Wanaocheka hawajawahi kulitafuna."

Alipofika kwa Amon aliliangalia lile tarumbeta mgongoni.

"Hiki nacho kinapiga risasi?"

"Hapana, afande."

"Basi kitabebwa na mtu ambaye hatachoka kubeba bunduki kwa sababu yake. Ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Siku nikikuona umechoka, nitakitupa ziwani."

Walisafiri kwa treni mpaka Mwanza, wakavuka Ziwa Viktoria kwa meli huku nusu ya batalioni ikitapika, na toka Bukoba wakaanza kutembea. Hapo ndipo walipojua maana ya askari wa miguu. Mvua ilinyesha, tope lilivuta buti kama mtu anayekudai, mabega yalichunika kwa kamba za masanduku ya risasi. Wakavuka mto Kagera kwa daraja la muda, wakapita vijiji ambavyo nyumba zake hazikuwa na mapaa wala watu, na ng'ombe waliokufa wamevimba kando ya njia. Vijana walioondoka nyumbani wakiimba wakanyamaza. Wakipumzika, Amon alipuliza wimbo mmoja wa kanisa, polepole. Waliokuwa Waislamu nao waliomba arudie.

Baada ya kuvuka mpaka na kuingia Uganda, batalioni ilipewa kazi yake. Mbele yao kulikuwa na kilima kilichotazama barabara kuu. Adui alikuwa juu yake, na hakuna gari la brigedi yao lililoweza kupita maadamu bado yuko pale. Kukifikia kwa mbele ilikuwa kujiua. Njia nyingine ilipita kwenye bwawa refu la mafunjo, ambalo adui hakulilinda kwa sababu aliamini hakuna mwenye akili atakayepita humo.

"Sisi tutapita," alisema Meja Jabiri.

Waliingia bwawani kulipokuwa kunapambazuka, maji yakiwafika kiunoni, ukungu mzito kama moshi wa majani mabichi. Walikuwa wamefika katikati pale mizinga ilipoanza. Labda ndege walioruka ndio waliowafichua. Maji yalirushwa juu, mafunjo yakalala, watu wakatawanyika kila mmoja alikoona kunafaa. Redio ya mawasiliano ilizama pamoja na aliyeibeba. Mizinga ilipotulia, batalioni haikuwepo tena. Kulikuwa na watu wawili wawili na watatu watatu ndani ya ukungu, hakuna aliyemwona mwenzake.

Kisha sauti zikaanza kuita.

"Huku, ndugu! Njooni huku! Mko salama!"

Kilikuwa Kiswahili. Waliotishwa na maji na ukungu wakafurahi, wakaanza kuzifuata. Lakini askari wa Amin nao walikuwa wakisema Kiswahili, hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya jeshi lao. Hilario alikuwa hatua chache kutoka kwa Amon. Alisikia "huku, ndugu," akanyanyuka, akasukuma mafunjo kwa ule mwili wake mkubwa, na bunduki zikalia mara moja. Amon alimfikia akiwa bado ana pumzi. Hilario alimtazama, akajaribu kusema neno, ila lile pafu lililokuwa likitikisa madirisha ya kanisa halikutoa hata mnong'ono. Amon alimshika kichwa kisizame. Alipokwisha kufa alimwegemeza kwenye kichaka cha mafunjo, akamfunga kwa mkanda wake ili maji yasimchukue.

Akatambaa akirudi nyuma mpaka akamgusa mtu. Alikuwa Meja Jabiri, na watu wachache tu.

"Kila nikiita, nao wanaita," Meja alisema kwa sauti ya chini. "Vijana hawajui wamwamini nani. Ukungu ukiondoka tuko hivi, tumekwisha."

Amon alikuwa analia bila kujua. Akaliteremsha tarumbeta mgongoni.

"Afande, niwaite?"

Meja alilitazama. "Watakusikia na wao."

"Nitakuwa nahama, afande."

Wazo lake la kwanza lilikuwa wimbo wa kanisa. Alishaweka mdomo tayari, akausitisha. Salehe na wenzake wengi wasingejua kama ule ni wito wao. Na huko juu kilimani nako kulikuwa na Wakristo. Wimbo ule ule walikuwa wakiuimba katika makanisa yao, wangeweza hata kuuitikia. Kilitakiwa kitu ambacho kila mtu wa Pwani anakijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na ambacho hakuna mtu wa huko angeweza kukiiga.

Akapuliza mdundiko.

Sauti ilitoka kali, ya shangwe, sauti ya harusi katikati ya bwawa la maiti. Risasi zikaja pale pale. Amon alikuwa ameshazama hadi puani na kusogea. Akaibuka mahali pengine, akapuliza kipande kinachofuata. Akazama tena. Mara ya tatu alipotoa kichwa, kabla hajapuliza, alisikia kutoka mbali, upande wa pili wa bwawa, kitu kikigongwa: ti-ki-ti, ti-ki-ti. Mtu alikuwa anapiga debe la risasi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyechelewesha kidogo lile pigo la mwisho kama Salehe.

"Mungu wangu," Meja Jabiri alisema. "Wanajibu!"

Watu waliokuwa wamejibanza kwenye mafunjo wakaelewa. Waliolisikia tarumbeta walikwenda kwa Amon, waliolisikia debe walikwenda kwa Salehe. Mmoja akaanza kuitikia kwa mdomo, wa pili akadakia, na muda si mrefu bwawa zima lilikuwa linaimba mdundiko kutoka pande mbili, vijana wenye maji kiunoni, wenye matope machoni, wakitembea kwa mwendo ule ule waliotembea nao nyuma ya maharusi wa Kisarawe. Juu ya kilima zile sauti za "huku, ndugu" zikakatika. Adui hakujua tena ni batalioni moja au ni brigedi nzima, wala kwa nini watu wanaokaribia kufa wanaimba hivyo.

Wakapanda kilima kwa pande zote mbili. Walipigana, watu walianguka, si ngoma iliyokiteka kile kilima bali vijana wale. Lakini ukungu ulipoondoka na jua kutoka, Mihogo walikuwa juu. Kwenye handaki la kamanda wa adui walikuta birika la chai linachemka bado. Salehe alifika akiwa na debe lake lililotobolewa na risasi mbili, akamkuta Amon amekaa chini, mdomo umevimba.

"Ulikosea kipande cha kati," Salehe alimwambia.

Amon akainuka, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Meja Jabiri mwenyewe aliwamiminia chai.

Magari ya brigedi yalipita chini siku ile ile. Askari wa kudumu walipitiliza wakitazama juu, na yule sajenti wa Ruvu akasimama wima juu ya gari lake na kupiga saluti. "Mihogo!" alipiga kelele. "Mihogo oyee!" Kuanzia hapo jina lile likawa cheo. Walipoingia katika mji wa kwanza mkubwa, watu walijaa barabarani na matawi ya migomba mikononi, akina mama wakiwapa vijana ndizi na kuwafuta matope usoni kwa khanga zao. Meja alimwamuru Amon apulize, na hakuhitaji kumwambia apulize nini.

Hilario walimzika kwa heshima, pamoja na wengine, mahali pakavu chini ya kile kilima. Batalioni iliporudi nyumbani na kuvunjwa, kila mtu akairudia shughuli yake. Kabla hajafika kwa mama yake mzazi, Amon alipita kwa mama wa Hilario na dada yake Kristina, akawasimulia yote bila kuficha, mpaka ule mkanda. Kristina, aliyekuwa binti mdogo wakati huo, alimuuliza swali moja: "Hakuwa peke yake?" Amon akamwambia, "Hakuwa peke yake."

Jumapili iliyofuata alikirudisha chombo kanisani, kimebonyea ubavuni. Yule mzee wa kanisa alikuwa amekwisha kusikia habari. Aliligeuza lile tarumbeta huku na huku mbele ya washarika wote, akamrudishia.

"Wapigie," alisema. "Wapigie ile iliyowatoa majini."

Watu wanasema hiyo ndiyo siku pekee mdundiko ulipotoka mlango wa kanisa la Kibuta, na walioufuata waliishia msikitini, ambako babake Salehe aliwapokea kwa uji.

Miaka ikapita. Amon alihamia Visiga, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, akafanya kazi katika viwanda kadhaa, cha mwisho kikiwa huko Zegereni. Alimwoa Flora, mwalimu wa shule ya msingi, wakamzaa Wema na wadogo zake. Katika usharika wake mpya alifundisha vijana matarumbeta kizazi baada ya kizazi. Habari za vita alizisimulia kwa aliyemuuliza, wala hakulalamika kwamba wachache walimuuliza.

Mwaka jana, wiki kadhaa kabla ya Siku ya Mashujaa, simu ikaja. Aliyepiga alikuwa Zubeir, kijana wa wilayani Kisarawe aliyekuwa katika kamati ya maandalizi.

"Shikamoo, mzee wangu. Tunataka kuwaenzi wazee wa Batalioni ya Mihogo mwaka huu."

"Marahaba. Mmefanya vizuri sana."

"Tutawawekea hema, viti vya kuegemea, maji baridi. Mtatajwa majina, mtapunga mkono, basi. Hamtasumbuka hata kidogo."

"Baba, sisi tulikuwa askari wa miguu."

"Najua, mzee."

"Basi tutaingia kwa miguu."

Zubeir hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na hofu ya haki. Wengi wa wazee wale walikuwa na presha, wengine kisukari, na Salehe, ambaye bado alikuwa akilima Kibuta, alikuwa na goti lililomsumbua kila msimu wa mvua. Zubeir alikuja mpaka Visiga kumsihi Amon. Alimkuta Wema, ambaye ni muuguzi na hufanya kazi Dar, amekuja kuwasalimu wazazi. Zubeir akadhani amepata wa kumsaidia.

"Dada, wewe ni mtaalamu. Mwambie mzee."

Wema alimpima baba yake presha pale pale sebuleni. Akaitazama mashine, akamtazama baba yake.

"Iko vizuri kuliko yangu," alisema. "Kaka Zubeir, mimi nitatembea pembeni yao na mkoba wangu wa dawa. Akianguka mmoja, tutamwinua. Lakini ukiwakalisha kwenye hema hawa, utakuwa umewaua wote kwa pamoja."

Flora akacheka jikoni mpaka akadondosha mwiko. Zubeir akanyoosha mikono juu. Ndipo Amon alipokwenda kutengenezewa yale meno.

Kujifunza upya hakukuwa mchezo. Aliazima tarumbeta la usharika, akaanza kupuliza mchana nyuma ya nyumba. Siku za mwanzo ilitoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa, na jirani mmoja alituma mtu kuuliza kama kuna msiba. Mara mbili meno yalitoka yakabaki kwenye mdomo wa tarumbeta. Flora alimshauri apumzike. Yeye aliyabandika upya na kuendelea. Huko Kibuta, Salehe alikuwa akitembea kila asubuhi hadi barabarani na kurudi akiwa na fimbo, kisha bila fimbo. Walipigiana simu kupeana taarifa kama makamanda.

"Goti?"

"Linalalamika, lakini linatii. Meno?"

"Yameanza kujua kazi."

Siku yenyewe uwanja wa Kisarawe ulifurika. Gwaride la vijana lilipita, bendi yenye vyombo vinavyometameta ikapiga kwa ufundi mkubwa, watu wakashangilia. Kisha mtangazaji akawataja wazee. Walikuwa wachache, hawakujaza hata safu tatu. Meja Jabiri alikuwa ameshafariki miaka mingi iliyopita. Wengine walivaa kofia za zamani, wengine kanzu, mmoja suti ya harusi ya mwanawe. Walipokuwa wanajipanga, mwanamke mwenye mvi aliyejifunga kitenge cha kanisa aliukata umati na kuja moja kwa moja kwa Amon.

"Kaka Amon, shikamoo. Nafasi ya Hilario ilikuwa wapi?"

Alikuwa Kristina. Amon akamwonyesha kushoto kwake. Kristina akasimama hapo, akanyoosha mgongo.

Amon akainua tarumbeta. Ikatoka hewa tupu. Kwenye viti watu wakaguna, vijana wawili watatu wakacheka. Zubeir alifumba macho. Amon aliisogeza midomo, akayabana meno yake ya vitani, akavuta pumzi kutoka kwenye nyayo.

Mdundiko ukalipuka uwanja mzima. Salehe akaupokea kwa ngoma, lile pigo la mwisho likichelewa kidogo kama siku zote, na Mihogo wakaondoka. Hawakuburura miguu. Walitembea kwa mwendo mmoja, vifua mbele, mikono ikipanda na kushuka pamoja, na goti la Salehe likiwa limesahau kabisa kwamba ni goti. Walipofika mbele ya jukwaa, mgeni wa heshima, ofisa wa jeshi mwenye nyota nyingi mabegani, aliinuka kitini, akapiga saluti, na hakuushusha mkono mpaka mzee wa mwisho alipopita.

Akina mama wa Kisarawe hawakuweza kuvumilia zaidi. Mdundiko ni ngoma ya kufuatwa, nao wakaufuata. Walivuka kamba za uwanja wakipiga vigelegele, nyuma yao watoto wa shule, nyuma yao wauza maji na vijana wa bodaboda, hata wale waliocheka. Askari wa ulinzi walijaribu kuwazuia kidogo, wakatazamana, wakawaacha. Mtangazaji alipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba ratiba bado ina mambo, hakuna aliyemsikiliza. Uwanja mzima uligeuka mto mmoja wa watu ukizunguka nyuma ya wazee wale, na Kristina akicheza katika nafasi ya kaka yake huku machozi yakimtiririka na kicheko kimemjaa.

Waliposimama, Wema aliwapitia mmoja mmoja na mashine yake. Hakuna aliyeanguka. Zubeir alikuja mbio, shati limelowa jasho, kwa sababu na yeye alikuwa ameufuata.

"Mzee wangu," alisema akihema, "nimeshindwa. Nisamehe yale mahema."

"Mahema ni mazuri," Amon akamwambia. "Tupeleke sasa, tukanywe maji."

Wakakaa hemani, wanafunzi wakiwazunguka kwa maswali, na kila swali lilipata watu watatu wa kulijibu, nao wakabishana. Salehe aliwaeleza kuhusu bwawa, Kristina akawaeleza Hilario alivyokuwa akibeba besi. Amon alikuwa amelala kwenye kiti cha kuegemea, miguu imenyooshwa, anasikiliza tu. Baadaye Zubeir aliinama sikioni kwake.

"Wilaya jirani wameniuliza kama mnaweza kwenda na kwao. Niwajibu nini?"

Amon alifungua jicho moja, akamtazama Salehe aliyekuwa akisugua goti.

"Waulize kama wana barabara ya lami au ya vumbi," alisema. "Tujue tuvae viatu gani."